Ashuza Amehamia Uturuki

Wiki iliyopita Maman alisema tunahama, na neno likanichoma kabla hata sijamuuliza tunahamia wapi. Kila mtu ana neno lake la kumuumiza. Mwingine ni jina la ugonjwa, mwingine ni jina la mume. Langu mimi ni hilo, kuhama, na nyumbani kwetu tulikuwa tumejifunza kulikwepa. Lakini mwenye nyumba ameuza hii nyumba ya mtaa wa Nguba tuliyoipanga tangu kabla sijazaliwa, aliyeinunua anataka kuibomoa ajenge hoteli ya kutazama ziwa, na sisi tumeambiwa tufunge vitu. Nikainama chini ya kitanda cha Maman kuvuta vilivyokuwapo, nikakutana na mashini ya kompyuta ya yaya Ashuza, kaka yangu mkubwa, imefunikwa kitenge cha kijani. Nikaichomeka nione kama bado inapumua. Feni ikazunguka, vumbi likapata moto, na ile harufu ikatoka.

Wewe uliyekuwa mtoto katika mji huu miaka ileile unaijua. Vumbi linaloungua, plastiki ya moto, na kwetu sisi juu yake harufu ya sambaza, visamaki vya ziwani, za kukaanga kutoka jikoni. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya Jumamosi zangu zote. Nilikaa sakafuni nikaivuta mpaka macho yakaniwasha.

Ashuza alikuwa mtoto wa kwanza wa Maman na mimi wa mwisho. Wa katikati Mungu aliwachukua wangali wadogo, na Papa akawafuata, kwa hiyo Ashuza ndiye aliyekuwa mwanaume wa nyumba, ingawa kuchinja kuku tu kulimshinda. Alikuwa akitengeneza kompyuta za watu kule Nyawera, kwenye kibanda kilichobanwa kati ya muuza viatu na muuza kadi za simu. Mashini yake mwenyewe aliiunga vipande vipande, kila kipande na historia yake, na ubavu mmoja aliuacha wazi ili isipate joto sana. Maman akaibatiza Mugonjwa. Akipita na sufuria alikuwa akiuliza, "Mugonjwa wako iko na homa leo?" Ashuza anamjibu, "Iko na homa, maman, leta supu."

Rafiki yake mkubwa alikuwa Selemani, mtoto wa wafanyabiashara Waislamu wa Uvira, watu ambao babu zao walitoka pwani na waliofungua duka la vitambaa hapa Bukavu. Selemani alisema "mtoto", hakusema "mutoto" kama sisi, na Maman alimpenda kwa hilo tu. Alisema kijana huyu anaongea kama redio.

Jumamosi courant, yaani umeme, ikirudi, wawili hao walikaa mbele ya Mugonjwa na mimi nikajibana katikati yao na muhindi wangu wa kuchoma. Nimekuja kugundua ukubwani kwamba walibishana juu ya michezo ya kompyuta zaidi kuliko walivyoicheza. Ashuza alikuwa na hasira na watengenezaji wa michezo kama watu wengine walivyo na hasira na wabunge. Siku moja alimfikisha mtu wake wa mchezoni mbele ya mlango, akabonyeza, akabonyeza tena, mlango ukakataa. Akatupa mikono juu.

"Ona huyu! Ameweka kitasa ku mulango haifunguke! Juu ya nini? Kama mulango haifunguke, usiiwekee kitasa."

"Ni pambo tu, bwana," Selemani akasema.

"Pambo gani? Mutu anakuja na roho yake yote, anashika kitasa, hakuna kitu. Ile si mchezo. Ile ni kuchekelea mutu."

Neno hilo la kitasa sikulielewa sana, lakini nilimuunga mkono, maana nilimuunga mkono kwa kila kitu. Mambo mengi niliyaelewa kwa namna yangu. Waliposema mchezo "unashuka", nilitazama dari. Kumbe walikuwa wamenunua mégas, vifurushi vya intaneti, na mchezo ulikuwa ukiteremka polepole kutoka huko unakotoka, wiki nzima wakati mwingine, na ole wake atakayegusa waya. Waliposema "duka", nilimtafuta muuzaji. Duka lilikuwa ndani ya mashini, halina rafu wala mtu wa kukukopesha, na kiangazi kikifika linashusha bei, basi hao wawili walikuwa wakikingoja kiangazi kuliko wenye mashamba ya kahawa.

Juu ya duka hilo ndipo walipopigana zaidi. Selemani, mtoto wa duka, hakuliamini hata kidogo.

"Umenunua nini? Hebu nionyeshe," alikuwa akisema. "Baba yangu akinunua kitambaa, anakikunja, anakiweka kabatini. Wewe hujanunua. Umepanga tu, kama maman anavyopanga nyumba hii. Siku mwenye duka akiamka vibaya, anafunga mlango na wewe uko nje."

"Na zile CD zako za kukopia za Nyawera, zenye kujaa virusi, zile njo mali yako?"

"Angalau nikikasirika ninaweza kuzivunja!"

Maman alicheka huko jikoni bila kujua wanachobishania. Mimi pia nilicheka. Nyumba yetu ilikuwa na furaha siku hizo, nalisema wazi, kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu asahau.

Kilichomkera Ashuza hasa ni bei. Hakukataa kulipa. Alikataa kulipa kama mzungu. Duka lilikuwa likipanga bei kwa nchi, na sisi wa Congo tulikuwa tumewekwa kwenye bei ya matajiri wa Ulaya, wakati kuna nchi ambako mchezo uleule, si pungufu wala si zaidi, ulikuwa robo ya bei hiyo. "Banafikiri huku tunakulaka dhahabu?" alifoka. Sasa, Selemani alikuwa na shemeji aliyekuwa akiishi Uturuki, mtu wa kuwatumia akina Selemani mitandio na vitambaa vya kuuza, na shemeji huyo alikuwa na kadi ya benki ya kule. Wakaongea naye kwenye simu. Jumamosi iliyofuata Ashuza akaingia kwenye compte, akaunti yake ya dukani, akabonyeza hapa na pale, ndipo zile bei zote zikabadilika mbele ya macho yangu na kupata alama ya pesa ambayo sijawahi kuiona. Akaegemea kiti kwa raha.

"Njo hivi. Nimehama. Tangu leo miye niko Turquie."

"Karibu Uturuki, bwana mkubwa," Selemani akasema. "Ila usirudi mbio. Mtu akihamahama wanamwona, wanamfunga."

"Nirudi kufanya nini? Nitakaa kule kabisa."

Nikaacha kutafuna. Nikainama nikatazama miguu yake chini ya meza. Ilikuwa bado hapo, ndani ya sandali zake.

"Yaya, uko Turquie saa hii?"

"Ndiyo."

"Na hapa?"

"Hapa ninakuyaka kula tu."

"Na kule kuko je?"

Akafikiri kidogo, kwa sababu hakuwa mtu wa kumjibu mtoto ovyo. "Kule vitu viko bei chini, na courant haikatikake."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Watu wazima walisema duka liko ndani ya mashini na kweli lilikuwamo. Walisema mchezo utashuka na ukashuka. Basi nikajua kwamba mtu anaweza kuhama kwa kubonyeza, kwamba mwili unabaki kidogo kumalizia chakula cha mama yake, halafu unafuata. Nikajua pia kwamba akishafika hatakiwi kurudi mbio, maana watamfunga. Sikumwambia mtu. Nilidhani ni siri yetu watatu.

Baadaye kukawa na kipande cha kuongeza nguvu za Mugonjwa, carte fulani, kilichofika Uvira kwa mjomba wa Selemani kikitoka Bujumbura. Bila carte hiyo mchezo mpya alioununua kwa bei ya Uturuki usingecheza. Selemani ndiye aliyepaswa kwenda kuichukua kwao, lakini malaria ilimlaza, na Ashuza hakujua kungoja. Maman akamchemshia mayai. Akamwambia, "Ukifika Sange, piga simu." Mchezo ulikuwa bado unashuka, kwa hiyo mlangoni yaya aliniinamia akaniambia, "Nsimire, chunga Mugonjwa. Mutu asiizime." Nikamwahidi kwa kuapa.

Hakupiga simu akiwa Sange. Hakufika Sange. Gari lao lilisimamishwa katika uwanda wa Ruzizi na watu wenye silaha, wazee na wanawake wakaachiwa watembee kwa miguu, vijana wakaingizwa porini. Dereva alituletea habari hizo mwenyewe, amesimama mlangoni bila kuvua kofia, na aliposema neno "vijana" Maman alikaa chini palepale kwenye saruji. Tonton, kaka yake Maman, akateremka mpaka Sange na picha ya Ashuza, akazunguka, akauliza kwenye parokia, sokoni, kwa askari. Alirudi na vumbi.

Nyumba ikajaa wanawake. Walikaa kwenye mikeka wakisema "yagirwe, yagirwe", pole ya kwetu, wakimshika Maman mabega. Maman alikuwa hali, haogi, anatazama ukuta. Siku zikapita, hakuna mwili, hakuna habari, hakuna hata mtu wa kudai chochote. Tonton ndiye aliyesema kilichokuwa vinywani mwa wote: tuweke kilio, tuombe misa ya wafu, mtoto asibaki hewani. Padri yuko tayari. Maman hakukubali wala hakukataa. Alisema tu, "Mungojee kidogo."

Na mimi? Mimi nilikuwa nikichunga Mugonjwa. Nilikaa mgongo ukiegemea meza, nikiwafukuza watoto wa majirani wasiguse waya, na sikuwa nikilia. Shangazi mmoja alinifinya sikio. "Mutoto huyu iko na roho ya jiwe," akasema. Niliona uchungu sana. Nilitaka kumwambia kwamba yeye ndiye mjinga, kwamba wote walikuwa wakilia bure. Nikaendelea kuchunga waya mpaka niliposikia Tonton anataja siku ya misa. Hapo nikaenda mpaka kwenye mkeka wa Maman, nikamvuta kitenge.

"Maman, musilie. Yaya alihama."

"Alihama wapi?"

"Turquie. Alihama zamani, na Selemani aliona. Hawezi kurudi mbiyo kwa sababu batamufunga."

Mikeka yote ikanigeukia. Maman alinishika mashavu kwa mikono miwili, mikono baridi ambayo ilikuwa haijagusa sufuria siku nyingi.

"Nani alikuambia hii maneno?"

"Yeye mwenyewe. Alisema kule courant haikatikake."

Unapaswa kuelewa kwamba maneno yangu hayakuwa ya kitoto masikioni mwao. Kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa ameondoka vilevile, kimyakimya, akapita Uturuki kwenda Ulaya, na mama yake alijua siku alipopigiwa simu. Wanawake wakaanza kuunganisha wenyewe: si alikuwa akienda Uvira? Na kutoka Uvira si Bujumbura ni hapo tu? Na Bujumbura si kuna ndege? Pengine hakuwemo hata katika hilo gari. Tonton alijaribu kusema kwamba dereva alimwona, lakini nani alikuwa anamsikiliza dereva sasa. Maman akainuka. Akaoga. Jioni hiyo akakaanga sambaza, na kilio hakikuwekwa.

Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Maman alieleka Uturuki. Alipoulizwa sokoni alijibu bila kusita, "Wangu iko Turquie," na mtu aliyekunja uso alitukanwa mpaka ukoo wake wa kike. Kwangu mimi zilikuwa siku za utukufu. Maman aliniita jikoni, ananipa sambaza iliyo kubwa, ananiuliza, "Alisema nini tena?" na mimi narudia kila neno: bei chini, courant, nitakaa kule kabisa. Hapo alikuwa akitikisa kichwa akitabasamu. Nilijiona nimemfufua mama yangu, na nilifurahi. Ikawa hivyo mpaka mchezo ulipomaliza kushuka. Nilikuwa peke yangu sebuleni, nikaona ule mstari wa kuonyesha kushuka umejaa, na kitufe cha kucheza kikawaka. Ashuza hakuwahi kukosa wakati huo. Alikuwa anaacha hata chakula. Nikakaa pale namngoja, nikitazama mlango, na kwa mara ya kwanza nikaogopa.

Selemani alikuja baada ya hapo. Alikuwa amekonda, macho yamezama, na alikuwa amechelewa kuja kwa sababu ya aibu, maana safari ile ilikuwa yake. Alikuja kutoa pole. Maman hakumpa nafasi. Alimkumbatia mlangoni, akamkalisha kwenye kiti cha Ashuza, akammiminia chai yenye maziwa, akakaa mbele yake magoti yakigusana.

"Selemani mwanangu, ule shemeji yako wa Turquie. Muulizie kama alimuona. Akuambie tu ule mutoto anakula, basi. Kuandika, ataandika siku atapenda."

Selemani alimtazama, akanitazama mimi. Niliona anaelewa. Akakiweka kikombe chini.

"Maman," akasema, na kile Kiswahili chake cha redio kikamkatika. "Maman, haikuwa hivyo. Ni compte tu. Ni duka la michezo. Kila nchi ina bei yake, sisi tukabadilisha nchi kwenye compte, tukaandika Uturuki, ili alipe kidogo. Tukisema kuhama tulimaanisha hivyo. Yeye hakwenda popote. Alikuwa hapa. Alikuwa amekaa hapa, kwenye kiti hiki."

"Na kufungwa?"

"Wanafunga compte, maman. Si mtu."

Akaanza kulia kwa sauti, mwanaume mzima, akisema ilikuwa niende mimi, ilikuwa niende mimi. Nami nililia, nimechelewa kuliko wote, nikiwa nimejibanza ubavuni mwa Mugonjwa mahali palipo wazi ambapo hewa ya moto hutoka. Maman peke yake hakulia. Alikaa akikinyoosha kitenge chake magotini, anakinyoosha tena. Halafu akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu anachotaka kununua kweli.

"Ile duka, saa hii, ukiiuliza Ashuza iko wapi, inasema nini?"

"Maman..."

"Nakuuliza. Inasema nini?"

Selemani akajipangusa kwa mkono wa shati. "Inasema Uturuki."

"Basi," Maman akasema. "Iko Turquie. Kunywa chai yako, inapoa."

Nilimchukia kwa neno hilo. Nilimchukia miaka mingi. Nilipofika umri wa kuelewa, nilitaka misa kama watoto wengine walivyoombewa ndugu zao, nilitaka msalaba wenye jina hata kama chini yake hakuna mtu, nikagombana naye mpaka majirani wakaingilia. Jibu la Maman lilikuwa lilelile: iko Turquie. Tonton alikufa akimsihi. Tulipopata nyumba nzuri zaidi, bei nafuu, yenye maji, Maman hakukubali: Ashuza haijui. Kwa hiyo tukakaa Nguba, dari ikivuja, mpaka mwenye nyumba alipotuamulia.

Na wiki iliyopita nikaiwasha mashini. Nikaiunganisha na simu yangu. Neno la siri la compte nililijua, lilikuwa jina langu, Ashuza aliwahi kuniambia siku nilipomsumbua sana. Duka likafunguka taratibu. Michezo yake yote ipo, imejipanga, hakuna hata mmoja ninaoweza kuuita wangu. Selemani, ambaye sasa ndiye mwenye duka la vitambaa, alisema kweli kwamba vitu hivi havirithiwi. Halafu likatokea tangazo katikati ya ekrani, kwa adabu kubwa. Inaonekana huishi tena Uturuki, lilisema. Je, unataka kurekebisha nchi yako? Na chini yake kitufe cha kijani. Nikakumbuka kitasa cha Ashuza, na hasira yake, na nikatamani sana angekuwepo akitukane kitufe hicho.

Maman akaingia na sufuria zilizofungwa. Siku hizi anatembea akishika ukuta. Akasimama nyuma yangu, akavuta ile harufu, nilimsikia anavyoivuta.

"Inasema nini?"

Ningeweza kumdanganya. "Inauliza kama yaya bado iko Turquie. Inataka nimurudishe Congo."

Akaweka sufuria chini. Akakisogelea kile kitufe, akakitazama kwa karibu, na macho yake mabovu yale.

"Ukibonyeza, inamuleta?"

"Hapana, maman."

"Najua," akasema. "Najua tangu siku ile ya chai. Miye si mujinga, Nsimire." Akaniwekea mkono begani, mwepesi, mifupa mitupu. "Na kule tunaenda kukaa, Ashuza anakujua?"

"Hakujui."

"Basi tuhame siye. Yeye usimuhamishe."

Nikafunga dirisha la duka bila kugusa kitu. Nikaizima Mugonjwa, tukaingoja feni isimame, tukaifunga mashini kwa kitenge chake, tukaibeba wawili mpaka kwenye gari, yeye mbele mimi nyuma, ingawa mtu mmoja angeiweza.